Jani Lililochunwa Halisubiri

Jani la chai halifi likivunjwa. Mchunaji wa Litein au Mogogosiek, huku Kericho na Bomet, anapokata ncha ya tawi, yale majani mawili na chipukizi lake, seli zilizo ndani huendelea kupumua. Zinavuta oksijeni, zinachoma sukari iliyomo, na zinatoa maji, kaboni dioksidi na joto. Joto la jani moja ni dogo mno, kidole hakilihisi. Lakini shindilia majani kwenye gunia, uliache juani kando ya barabara, kisha baada ya saa kadhaa ingiza mkono hadi katikati. Utakuta vuguvugu kama la chakula kilichofunikwa.

Tufuate sababu yake hatua kwa hatua. Katika mimea, joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kasi ya upumuaji huongezeka karibu maradufu. Katikati ya gunia lililoshindiliwa hewa haipiti, kwa hiyo joto haliondoki. Joto lisiloondoka huharakisha upumuaji, na upumuaji ulioharakishwa huzaa joto zaidi. Wakati huohuo ule mshindilio umepasua seli, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kimekutana na polifenoli za jani. Majani yanaanza kuwa mekundu. Kiwandani wekundu huo tunautaka, ndio unaotupa rangi na ladha ya chai nyeusi, ila tunautaka baada ya majani kunyaushwa kwa saa 12 hadi 18 na kupitishwa kwenye mashine za CTC, zile zinazoponda, kurarua na kukunja. Tena tunautaka kwa muda uliopimwa. Ndani ya gunia unakuja bila kuitwa, na hakuna mashine ya kuurudisha. Ndiyo maana lori la majani lina ndoano ndani, na magunia hutundikwa badala ya kurundikwa.

Sasa tuulize swali la uongozi. Nani anaweza kuliokoa gunia hilo?

Mkurugenzi aliye Nairobi hawezi. Meneja wa kiwanda, hata kama kiwanda ni Momul na kituo kiko ng'ambo ya kilima tu, naye hawezi, maana hajui kwamba gunia linapata moto. Anayejua ni karani wa kituo cha kununulia majani, na wakulima waliopanga foleni pale tangu adhuhuri wakisubiri lori. Mikono yao iko kwenye gunia. Lakini karani hana mamlaka ya kubadilisha njia ya lori, na mkulima hana namba ya mtu aliye nayo. Anayejua hana uwezo, na mwenye uwezo hajui. Huo ndio mzizi wa kazi yote ya uongozi katika taasisi, iwe kiwanda cha chai, hospitali ya kaunti au benki. Mengine tunayofundishwa katika semina, dira na dhamira na haiba ya kiongozi, yana nafasi yake, lakini hayaligusi gunia mpaka kitendawili hiki kwanza kitatuliwe.

Mtu mmoja akiwa na shamba lake dogo pale Bureti, kitendawili hakipo. Yeye ndiye jicho, yeye ndiye mkono. Akiona majani yanapata moto, anayamwaga na kuyatandaza kivulini. Taasisi huzaliwa siku jicho na mkono vinapokuwa vya watu wawili. Na watu wakizidi, njia za kuwasiliana huongezeka upesi kuliko watu wenyewe. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Watu 10 wana jozi 45. Watu 100 wana jozi 4,950. Hesabu ni idadi ya watu mara idadi hiyo ukitoa mmoja, kisha gawa kwa mbili; ijaribu kwa karatasi. Hakuna kikao kinachoweza kubeba jozi 4,950. Kwa hiyo tunaunda vituo, kamati, idara na ngazi, ili kila mtu asilazimike kuzungumza na kila mtu. Hatuna njia nyingine. Lakini kila ngazi tunayoongeza ni mahali pengine ambapo habari inaweza kukaa ikingoja, kama lile gunia.

Tuuangalie huo ungojaji kwa ukaribu, kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chai hukaushwa kwa hewa ya moto, na katika viwanda vyetu vingi hewa hiyo hupashwa moto kwa mvuke wa boila linalokula kuni za mikaratusi. Mwendeshaji wa kikaushio anaona joto limeshuka. Anamwambia mtu wa boila aongeze kuni. Kuni haziwaki papo hapo, maji hayawi mvuke papo hapo, na mvuke haupashi hewa moto papo hapo. Dakika zinapita, kipimo bado kiko chini, mwendeshaji anapiga kelele tena, na kuni nyingine zinaingia. Kisha zote zinawaka kwa pamoja. Joto linapita kiwango, chai inaanza kuungua, amri inatoka ya kuacha kabisa kutia kuni. Baada ya muda joto linaporomoka na mchezo unaanza upya.

Katika kisa hiki hakuna mvivu, hakuna mwizi, hakuna mjinga. Kila mmoja amefanya jambo la busara kwa kile alichokiona. Mawimbi yale yamezaliwa na muda kati ya kitendo na matokeo yake. Tiba ziko mbili tu: fupisha muda huo, au punguza nguvu ya kila sahihisho na uwe na subira ya kuona matokeo kabla ya kutoa amri nyingine. Meneja anayeingia chumba cha boila na kugomba anafanya kinyume cha zote mbili, maana anaongeza nguvu ya sahihisho pale ambapo nguvu ndiyo iliyoleta balaa.

Muda mrefu kuliko yote katika biashara ya chai ya wakulima wadogo hauko kwenye boila. Uko kwenye bonasi. Mwaka wa fedha wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, huanza Julai na kuisha Juni, na malipo ya mwisho, ambayo kila nyumba ya Kericho na Bomet huyangoja, huja mwezi wa Oktoba. Majani uliyoyachuna Julai, jibu lake kamili unalipata Oktoba ya mwaka unaofuata, miezi 15 baadaye. Ndani ya miezi hiyo kumekuwa na mvua ya mawe, bei ya mnada wa Mombasa imepanda na kushuka, na shilingi imetikisika mbele ya dola. Bonasi ikitoka ndogo, mkulima atajuaje ni kosa la nani? La mchunaji wake, la karani, la boila, la mnada, au la benki? Hata mwanasayansi mwenye kompyuta angepata taabu. Hasira ya Oktoba katika kaunti zetu mara nyingi ni hasira ya watu walioletewa jibu bila kuonyeshwa hesabu.

Juu ya kuchelewa kuna kufifia. Tuchukulie kiwanda chenye wakulima 8,000 wanaolingana. Wewe peke yako ukaamua kuchuna vizuri mwaka mzima, majani mawili na chipukizi bila mchanganyiko, na uzuri huo ukaiongezea chai ya kiwanda thamani ya shilingi 8,000. Fedha hizo zinagawiwa kwa kilo, kwa wote. Sehemu yako ni shilingi 1. Jirani yako aliyechuna majani magumu ili gunia lijae amepata kilo zaidi, na amepata shilingi yake pia. Simwiti jirani huyo mtu mbaya. Yeye ameusoma mfumo kama ulivyoandikwa.

Mizani hupima uzito. Haiwezi kuonja. Hii ni kanuni pana inayozikumba taasisi zote: ukikilipia kile kinachopimika kwa urahisi, watu watakuletea hicho, na kile kigumu kupimika kitakufa polepole. Mwaka 1991 wanauchumi Bengt Holmström na Paul Milgrom waliiweka hoja hii kwa hesabu: pale kazi moja ina sehemu mbili na ni moja tu inayoonekana, kuongeza malipo kwa ile inayoonekana kunaiba juhudi kutoka kwa ile isiyoonekana. Shule inayopima alama za mtihani peke yake imo humo. Ofisi inayohesabu saa za kukaa kitini imo humo.

Ni kwa sababu hiyo naliheshimu sana lile tendo dogo la kukagua majani kituoni kabla hayajapanda mizani. Mkulima anamwaga majani yake, mkono unapita, majani magumu yanatolewa mbele ya macho yake na mbele ya majirani. Jibu lililokuwa lichukue miezi 15 limekuja kwa dakika. Na haligawiwi kwa watu 8,000. Ni lake mwenyewe. Kwa lugha ya wahandisi, mrejesho umefupishwa na umeelekezwa kwa aliyetenda. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii mbalimbali zinazotumia kwa pamoja maji, misitu na malisho. Aliona kwamba zile zinazodumu zina wakaguzi wanaotoka miongoni mwa watumiaji au wanaowajibika kwao, na adhabu zinazoanza ndogo na kukua kwa anayerudia. Wakipsigis wa Kericho na Bomet hawangeshangaa. Kokwet, baraza la majirani, lilifanya kazi hiyo kabla shina la kwanza la chai halijapandwa hapa: wazee husikiliza kila mwenye neno, kisha hutamkwa kile ambacho wote wamekubaliana.

Wengi wakati wa ukoloni waliamini kwamba chai ni zao la makampuni makubwa tu, kama yale yaliyoingia Kericho katika miaka ya 1920, kwa kuwa mkulima mwenye mashina machache hawezi kulinda ubora. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. KTDA ikafuata mwaka 1964, na mwaka 2000 ikawa kampuni ya wakulima wenyewe. Leo wakulima wadogo hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Walioshuku walikosea, na naamini walikosea hasa kwa kutoona kituo cha kununulia majani. Walifikiri ubora unalindwa na ukubwa wa shamba, kumbe unalindwa na ufupi wa njia kati ya kosa na anayelirekebisha.

Hapa tufike kwenye sehemu ninayotaka kila meneja na kila msimamizi aisome mara mbili. Inahusu kukaripia.

Chukua dadu ya kawaida, yenye nyuso 6. Irushe. Ikitoka 1, ikemee kwa sauti kali, kisha uirushe tena. Kuna nafasi 5 katika 6 kwamba safari hii itatoa namba kubwa zaidi. Ikitoka 6, isifu kwa maneno matamu, kisha uirushe. Kuna nafasi 5 katika 6 kwamba itashuka. Fanya hivyo jioni nzima na uandike matokeo. Daftari lako litakuambia kwa ushahidi mwingi kwamba dadu hufanya vizuri ikikaripiwa na huharibika ikisifiwa.

Dadu haina masikio, tunajua. Sasa mweke mchunaji mahali pa dadu. Tuseme wastani wake ni kilo 40 kwa siku. Siku nyingine sehemu aliyopangiwa ina machipukizi mengi, siku nyingine mvua ya mawe imepiga mashina, siku nyingine mtoto alikuwa mgonjwa na hakulala. Kwa hiyo huleta 34, 43, 38, 47, 41, bila yeye kubadilika. Siku anayoleta 30, msimamizi anamfokea. Kesho yake anarudi 39, kwa sababu wastani wake ni 40 na siku mbaya sana kwa kawaida hufuatwa na siku isiyo mbaya hivyo. Siku anayoleta 50, msimamizi anampongeza. Kesho yake anashuka hadi 42, kwa sababu ileile. Baada ya miaka kumi ya kazi msimamizi huyu atakuapia kwamba watu hawafanyi kazi bila kufokewa na kwamba sifa huwaharibu. Hasemi uongo. Ameyaona kwa macho yake. Lakini alichokiona ni hesabu ya wastani, akadhani ni tabia ya binadamu.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, alikutana na imani hiyohiyo kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli: rubani akisifiwa huharibu, akikemewa hutengenea. Aliwaonyesha kwamba rubani hurejea kwenye wastani wake hata mkufunzi akinyamaza. Nalichukulia jambo hili kuwa zito kupita maelezo. Maelfu ya wafanyakazi, katika mashamba ya chai na katika maofisi yenye zulia, wameishi chini ya matusi ya watu waliodanganywa na dadu.

Je, kiongozi asikemee kamwe? Hilo silo jibu. Jibu ni kwamba kabla ya kusema neno ajue kama kuna jambo lililobadilika. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika Western Electric nchini Marekani, alitoa chombo rahisi cha kuligundua hilo. Andika kipimo chako kila siku kwenye grafu. Chora mstari wa wastani katikati, kisha chora mstari mmoja juu na mwingine chini, ikionyesha mtikisiko wa kawaida unakofika. Nukta zikicheza ndani ya mistari, mfumo ni uleule. Usimtafute mkosaji, na kama hupendi wastani wenyewe, badilisha mfumo. Nukta ikitoka nje, hapo kuna jambo, nenda ukaulize leo, si mwisho wa mwezi. Kwa mchunaji wetu, kilo 30 ni mtikisiko. Kilo 12 ni habari: huenda anaumwa.

Kuna ushahidi mkali zaidi wa hatari ya kurekebisha kisichoharibika. Chai iliyokauka inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Kipimo kikitikisika kwa bahati tu, 2.8, 3.2, 3.0, 3.3, na mwendeshaji akasogeza mtambo kila mara ili kufidia kosa lililopita, hesabu inaonyesha kwamba varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, huongezeka maradufu. Angekaa kimya, chai ingekuwa bora. Kujua wakati wa kutotenda ni ujuzi, na unaweza kufundishwa kwa penseli na karatasi ya miraba.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloniuma. Tumesema habari lazima isafiri haraka kutoka kwa anayejua hadi kwa mwenye uwezo. Lakini itakuwaje kama njia yenyewe inapita mikononi mwa mkosaji? Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 waliiambia kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mtu aliyegawa kazi ndiye aliyelalamikiwa. Mwanamke aliyekataa angemweleza nani? Makampuni yalikuwa na kanuni zilizoandikwa na ahadi zilizochapishwa, lakini hizo hazitoshi pale waya wa kipimo unapopita mikononi mwa yule anayepaswa kupimwa. Mhandisi yeyote angekwambia kwamba kipimo cha namna hiyo kitaonyesha sifuri hata boila likipasuka. Wakubwa wa juu hawawezi kusema tu kwamba hawakujua. Kujenga njia ya kujua ilikuwa ndiyo kazi yao, na njia hiyo ilipaswa kuwa zaidi ya moja, ikimpita msimamizi, ikimfikia mtu asiyemtegemea kwa lolote. Sauti za wanawake wale zilisikika hadi London kupitia BBC, si kupitia kampuni zao. Hilo ni kosa la ujenzi, na waliolijenga wanawajibika.

Hivyo mkutano mkuu wa kiwanda chako utakapoitwa, uwe wa Tirgaga, Kapkoros, Toror au kwingineko, na wagombea wa ukurugenzi watakapokuja kwenye kituo chenu kuomba kura, usiwaulize tu bonasi itakuwa shilingi ngapi. Hawajui, na anayekutajia namba sasa anakisia. Waulize hili: gunia likipata moto kituoni saa 9 alasiri, nani anapigiwa simu, na ana mamlaka ya kufanya nini kabla ya saa 10? Waulize karani mwenye malalamiko dhidi ya mkubwa wake anapita mlango gani. Waulize kosa kubwa la mwisho lililotokea kiwandani lilichukua siku ngapi kumfikia mtu aliyeweza kulirekebisha. Sikilizeni majibu yao mkiwa wengi, na muyaandike pamoja na tarehe, ili mwakani muweze kuyalinganisha.